Oili Nyepesi

Trekta langu lilikufa Jumatatu saa nne asubuhi, katikati ya shamba la Editha, siku ya tano baada ya mvua ya kwanza. Nilikuwa nimesimama ukingoni nikimpigia kelele dereva wangu, Noel, kwa sababu alikuwa akikata kona pana mno na kuacha pembe za shamba bila kulimwa. Injini ikatoa mlio wa chuma kusaga chuma, moshi ukafuka, kisha kimya. Plau likabaki limezama ardhini, na Noel akabaki ameshika usukani, anatazama mbele kana kwamba trekta lingebadili mawazo.

Mimi sikuumbiwa subira. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimechelewa mahali, na tangu siku hiyo nakimbia. Nilikatisha shamba nimeshika viatu mkononi. Nilipofika, Noel alikuwa ameshashuka, amefungua boneti, anajaribu kuzungusha feni. Haikusogea hata kidogo.

"Imeshika, mama," akasema. "Haizunguki. Labda oili haipandi. Sijui."

Hilo "sijui" ndilo lililonipanda kichwani. Kwetu Misigiri mtu haleti fedha ili alimiwe, analeta alizeti. Mwezi wa sita, watu wakishapura, anakuja na gunia moja kwa kila ekari, anaziacha stooni kwako, na mvua ikianza wewe unamlimia. Hakuna karatasi. Kinachoshika mapatano ni jina lako tu. Mwaka huu kaya kumi na moja zilileta. Alizeti yao nikaikamua, mafuta nikawauzia wenye malori ya Nzega pale njia panda, na fedha ikaishia kwenye matairi mapya na ada ya binti yangu Witness, anayesoma chuo Dodoma. Tulikuwa tumemaliza kaya tatu. Zilibaki nane, pamoja na hii ya Editha iliyolimwa nusu. Na udongo wetu ni kichanga. Ukilowa leo, baada ya wiki mbili unakuwa vumbi tena, na ukikosa mvua ya kwanza umekosa mwaka.

Kwa hiyo nilipomtazama Noel pale, na mikono yake imejaa masizi, nilikuwa naona watu wanane wamesimama mlangoni kwangu wakiulizia magunia yao.

"Umeuza oili," nikamwambia.

"Hapana, mama."

"Wiki iliyopita nilikupa galoni zima la lita tano. Limekwenda wapi?"

"Niliweka yote. Lile lile ulilonipa."

Editha na wanawake wawili waliokuwa wakipanda nyuma ya plau walikuwa wamesimama, mbegu mikononi. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikawageukia na kuwaambia kikulacho ki nguoni mwako, mnamwona huyu, miaka minne namlisha. Nikamnyang'anya Noel ufunguo. Alichukua kifuko chake cha spana, ambacho marehemu mume wangu alimpa siku alipomfundisha kuendesha, akaondoka kwa mguu kufuata mfereji alioulima mwenyewe. Mpaka anafika barabarani, jina lake lilikuwa limeshafika kabla yake.

Jumanne tulikaa kwa mjumbe. Sikulala vizuri na niliongea mno. Nilieleza juu ya oili, nikaeleza juu ya magunia, nikaeleza mpaka mjumbe akaniomba nipumzike kidogo ili mzee naye aseme. Mzee alikuwa Andrea, baba yake Noel, mtu mrefu mkimya ambaye nilimsalimia shikamoo vizuri kabisa kabla ya kuanza kumtukania mwanawe.

"Mwanangu si mwizi," Mzee Andrea akasema. "Lakini aliyekuwa kwenye usukani ni yeye. Sina fedha. Nina maksai wawili. Fundi akisema gharama, nitawapeleka mnadani Alhamisi."

Noel alikuwa amekaa kwenye gogo nyuma ya baba yake. Akamwambia kitu kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini: wale ni ng'ombe wa kulimia, baba, sisi tutalima na nini? Mzee hakugeuka. Mjumbe akasema basi, shauri limekwisha, na mimi nikatoka pale nikijiona nimepata haki yangu. Nasema kama ilivyokuwa. Nilifurahi.

Nikapiga simu Singida mjini kumwita fundi Idrissa. Akasema atakuja kesho. Nikampigia tena baada ya saa moja kumuuliza kama kesho ni asubuhi. Akasema asubuhi. Nikampigia mara ya tatu, hakupokea.

Jumatano alifika na pikipiki, masanduku mawili ya vyuma yamefungwa nyuma. Idrissa ni mtu wa miaka hamsini hivi, mnene, na hafanyi kitu chochote haraka. Alikunywa chai yangu yote. Tulipofika kwa Editha alizunguka trekta mara mbili, akaingiza chuma kirefu mbele ya injini na kujaribu kuizungusha kwa uzito wake wote. Akaketi chini kufuta jasho.

"Mama Witness, pistoni zimeng'ang'ania," akasema. "Silivu mpya, pistoni, beringi, kranki ikachongwe mjini. Milioni tatu na laki nane, na mimi sijajiwekea kitu hapo."

Nilikaa juu ya tairi. Maksai wawili, wakiuzwa na mtu mwenye bahati, wangefika milioni mbili na kidogo. Nikaanza kuuliza kama beringi za zamani zinafaa, kranki inaweza kusubiri, kama kuna fundi anayechonga kwa mkopo. Idrissa alikuwa ameshaingia uvunguni kufungua nati ya kumwagia oili, na beseni langu la kuoshea vyombo liko chini yake.

Hakikutoka kitu. Akachokoa tundu kwa waya. Ndipo kikaanza kushuka kitu cha kahawia, kizito, kinachojivuta, kikaanguka ndani ya beseni kipande kipande. Idrissa akakipapasa kwa vidole, akanusa. Akatoka uvunguni akanitazama.

"Hapa mnakaanga maandazi?"

Alinisogezea vidole vyake puani. Sikuhitaji. Harufu ilikuwa imeshanifikia, na mimi harufu ile naijua kuliko harufu ya watoto wangu. Ilikuwa alizeti ya mkamuo wa kwanza, isiyochujwa, iliyoungua.

"Mafuta ya kula yakichemka siku nyingi huganda," akasema. "Unajua sufuria la maandazi lisilooshwa, ule utando mgumu pembeni? Ndio huo umeziba njia za oili. Injini imekimbia bila kitu. Nani aliweka mafuta ya alizeti humu?"

Naomba mnielewe, kwa sababu nimelifikiria jambo hili tangu siku hiyo na bado linanichoma. Mtu wa Singida hasafiri mikono mitupu. Ukienda kwa mtu, unakwenda na mafuta, na mafuta yanakwenda ndani ya chochote kinachofunga vizuri. Galoni la oili la lita tano lina mfuniko mzuri kuliko yote, ndiyo maana hakuna nyumba hapa inayolitupa. Mwezi wa saba nililiosha galoni moja kwa maji ya moto na majivu, nikajaza mkamuo wa kwanza, zawadi ya mama mwenye nyumba anayeishi na Witness Dodoma. Safari ikaahirishwa. Galoni likabaki stoo, bega kwa bega na ndugu yake mwenye oili ya kweli, karatasi zao sawasawa, rangi zao karibu sawa.

Na wiki ile Noel alikuja mapema, mimi napakia mbegu, nina hasira kwa sababu jua linachomoza. Akasema oili imeshuka. Niliingia stoo nikatoka na galoni, nikamsukumia kifuani. Alilifungua, akachovya kidole, akakisugua.

"Mama, mbona oili hii nyepesi?"

"Mwepesi ni wewe, wa kutafuta sababu," nikamjibu. "Nenda, watu wanasubiri."

Hayo yote yalinirudia nikiwa nimekaa juu ya tairi, Idrissa amesimama mbele yangu na vidole vyake vinanuka jiko langu.

"Ni mimi," nikamwambia.

Alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Alikuwa amesikia habari za maksai. Nani hakuwa amesikia? Alisema yeye ni fundi, si hakimu. Akiulizwa atasema pampu ya oili ilikufa, mambo ya chuma yanatokea, na lile beseni linamwagika. Fedha ya maksai ikipatikana Alhamisi, iliyobaki atanisubiri, na Jumatatu ijayo trekta liko kazini na kaya zote zinalimwa. Hakusema kwa ubaya. Nadhani alikuwa ananionea huruma, na pia alikuwa anatafuta kazi.

Na mimi sikusema hapana. Nilisema, "Ngoja nifikirie."

Siku ile nilitembea kuliko ng'ombe. Nilikwenda nyumbani, nikarudi shambani, nikaenda njia panda kuuliza bei ya beringi kwa mtu anayeuza soda. Nilifagia uwanja mara mbili. Nilijiambia kwamba Noel hakuwa mwizi, sawa, lakini dereva gani hatambui alizeti? Alikulia humu humu. Angenusa. Nilijiambia kaya nane ni watu arobaini na kitu, na maksai ni ng'ombe wawili. Nilijiambia nitamlipa mzee polepole baada ya mavuno, bila kumwambia ni kwa nini. Kila nilichojiambia kilikuwa na sura nzuri mpaka nilipokumbuka yale maneno, mbona oili hii nyepesi, ndipo nikainuka tena kwenda kufagia.

Saa kumi jioni Editha akapita kuniuliza trekta litapona lini. Nilimwambia Jumatatu. Akasema Mungu ni mwema, mbegu aliyopanda nyuma ya plau ameifukua akakuta imeanza kuvimba, kwenye ile nusu iliyolimwa. Nusu nyingine inakauka kwa jua. Akaongeza kwamba Noel hatoki ndani, na kwamba tajiri mmoja wa Shelui aliyetaka kumwajiri amepeleka salamu kwamba haajiri mwizi.

Nilimpa maji akanywa, akaenda zake.

Alhamisi nilichelewa, mimi ambaye sijawahi kuchelewa. Nilimzungusha mwenye bodaboda, nikasahau kitambaa, nikarudi. Tulipofika mnadani jua lilikuwa juu na vumbi la ng'ombe limetanda. Niliwaona maksai kabla sijamwona mzee: mmoja mwekundu mwenye pembe iliyopinda, mmoja mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, wamesimama karibu karibu kama walivyozoea kwenye nira. Mnunuzi alikuwa mtu wa machinjio. Alikuwa ameshapatana na Mzee Andrea na alikuwa analowesha kidole gumba ili ahesabu noti. Noel ndiye aliyeshika kamba.

"Subiri," nikasema.

Mnunuzi akanitazama, akaendelea kuhesabu. Nikaongeza sauti, na mnajua sauti yangu. Watu wakageuka.

"Shikamoo mzee. Usiuze. Oili aliyoweka Noel nilimpa mimi. Haikuwa oili. Yalikuwa mafuta yangu ya alizeti kwenye galoni la oili. Nimeua injini mwenyewe, na mwanao nimemwita mwizi bure."

Mtu nyuma yangu akauliza kama injini ile iliungwa na kitunguu, watu wakacheka, na kicheko kikapita mnada mzima mpaka kwa wauza viazi. Najua jina nililopata siku ile. Mpaka leo nikipita njia panda wenye malori wananiuliza bei ya mafuta ya injini. Niliona aibu, lakini Mzee Andrea hakuwa amecheka, wala Noel.

"Kule kwa mjumbe ulikuwa unajua?" mzee akaniuliza.

"Kule sikujua. Nimejua jana."

"Jana saa ngapi?"

Ningeweza kusema jioni. Ulimi ulikuwa tayari.

"Asubuhi, mzee."

Alitikisa kichwa polepole, akiipima ile siku nzima niliyolala nayo. Kisha akamwambia mnunuzi arudishe fedha zake mfukoni. Mnunuzi alilalamika, akasema ametoka mbali, mzee akasema hata yeye ametoka mbali. Noel akawageuza maksai, wakaanza kurudi nyumbani, na hakuna aliyenialika nifuatane nao.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwao. Nilikuwa na mabati arobaini niliyonunua kidogo kidogo kwa ajili ya nyumba mpya, nikayapeleka kwa mkokoteni. Nilimwambia mzee mabati haya ni ujira wa maksai, kama atakubali kunilimia zile kaya nane. Trekta lingesubiri mpaka nipate fedha, mwakani au mwaka wa mbele yake. Mzee alikagua mabati moja moja, akarudisha matatu yenye kutu. Akasema mwenye kulima ni Noel, nikamuulize mwenyewe.

Noel alikuwa anapaka nira mafuta. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilisema, "Nisamehe, baba," na hayo tu.

"Nitalima," akasema bila kuinua uso. "Kwa ajili ya Editha na wale wengine, maana hawajanikosea. Lakini wadogo zangu wako shule ya bweni na baba magoti hayamwezi. Hakuna wa kuongoza ng'ombe."

"Nitatafuta mtu."

"Utaongoza wewe, mama."

Nami nikaongoza. Kuongoza maksai ni kazi ya watoto: unashika kamba, unatembea mbele yao, unafuata mstari, unafika mwisho, unageuka. Kamwe hutangulii mno, kwa sababu kamba inawavuta pua, wala hubaki nyuma, kwa sababu watakukanyaga. Unakwenda kwa mwendo wao. Trekta lililima ekari kwa saa moja. Sisi tulilima ekari iliyobaki ya Editha kwa siku moja na nusu, tukipita kando ya trekta langu lililofunikwa turubai, na kila tulipolipita nilikaza mwendo na kila nilipokaza Noel alisema nyuma yangu, "Taratibu. Hawa hawana gia." Mikono yangu iliota malengelenge. Usoni nilikuwa na pumzi za ng'ombe na kichwani nilikuwa nahesabu: kaya saba, udongo siku nne, labda tano kama wingu la mlimani Sekenke litatukumbuka. Tusingewahi wote. Nilijua, na Noel alijua, na bado hatukuweza kwenda kwa kasi nyingine.

Jumapili watu walitoka kanisani wakapita kututazama. Noel alikuwa hajazungumza nami neno lolote lisilohusu ng'ombe. Tulikuwa kwenye shamba la pili, mstari mrefu, jua la saa nane. Akasema kutoka nyuma ya plau, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama. Siku ile nilikwambia oili nyepesi."

Sikugeuka. Ukigeuka maksai wanapinda.

"Ulinisikia?"

Pale mnadani nilikuwa nimesema sikujua, na ilikuwa kweli. Hakuna mtu aliyeniuliza hili.

"Nilikusikia," nikasema.

Tulikwenda mpaka mwisho wa mstari. Nilisikia plau likichana udongo nyuma yangu, na pumzi za maksai, na miguu yake. Mwisho wa mstari nilisimama kusubiri, mimi, nikasubiri.

"Geuza," akasema Noel.

Nikageuza.